Trapu, skiti au mzunguko? Pa kuanzia kwa anayejifunza kupiga sahani Tabora

Kupiga sahani zinazoruka kwa shotigani, bunduki inayotoa punje nyingi ndogo ziitwazo marisaa, kuna michezo mitatu mikubwa: trapu, skiti na mzunguko wa vituo. Sahani ni ileile katika trapu na skiti, kipenyo milimita 110 na uzito wa gramu 105 hivi, na ndiyo itumikayo zaidi hata kwenye mzunguko. Kinachobadilika ni inakotokea, inakoelekea, na umbali wake wakati unafyatua. Kwa anayeanza Tabora, ambaye risasi zake ni za kuhesabu na uwanja ni wa kuandaa mwenyewe na wenzake, tunashauri trapu ya mashine moja ya kurushia sahani. Skiti ifuate. Mzunguko usubiri, na sababu yake kubwa ni misitu yetu.

Kabla ya yote ni Polisi. Silaha zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni si kitu cha kuazimana kama jembe. Mahali pa kufyatulia nako kunahitaji ridhaa: nendeni ofisi ya Polisi ya wilaya mkiwa na mchoro wa eneo, kisha serikali ya kijiji, kisha majirani wote ambao watasikia mlio. Wanaofikiria maeneo ya Sikonge, Urambo au Kaliua wakumbuke kwamba Ugalla ni Hifadhi ya Taifa tangu 2019. Mtu mwenye shotigani karibu na mpaka wake atatakiwa kujieleza, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Ilivyo kila mmoja

| | Trapu ya mashine moja | Skiti | Mzunguko |
|---|---|---|---|
| Mashine | 1 | 2 | 1 ya kuhamahama, au nyingi |
| Vituo | 5, karibu mstari mmoja | 8, kwa nusu duara | kadiri eneo linavyoruhusu |
| Sahani kwa raundi | 25 | 25 | hutegemea mpangilio |
| Umbali wa kupigia | mita 28 hadi 35 | mita 20 au pungufu | karibu sana hadi mbali sana |
| Sahani inakwenda | mbele, ikikukimbia | inakatiza mbele yako | popote |

Katika trapu, mashine iko ndani ya kibanda kifupi mbele ya wapigaji. Unasimama takriban mita 15 nyuma yake, unaweka bunduki begani, unaita "Vuta!", na sahani inachomoka ikienda mbele. Kimo chake ni kimoja. Usichokijua ni kama itanyooka, itavuta kushoto au kulia. Unapiga sahani tano kituo cha kwanza, tano cha pili, hadi 25 zitimie. Trapu ya Olimpiki, mchezo ulioingia mashindanoni Paris mwaka 1900, ni kali zaidi: mashine 15 ndani ya handaki, sahani inarushwa kiasi cha kuanguka mita 76, na mpigaji anaruhusiwa risasi mbili kwa sahani moja. Hiyo siyo ya kuanzia.

Skiti ina vibanda viwili. Kibanda cha juu kiko kushoto na hutoa sahani kwenye kimo cha kama mita 3. Cha chini kiko kulia na hutoa kwenye kimo cha kama mita 1. Mkondo wa sahani haubadiliki hata siku moja, bali wewe ndiye unayezunguka vituo vinane, hivyo pembe inabadilika kila unapohama. Vituo vingine hutoa sahani mbili kwa mpigo. Skiti iliingia Olimpiki mwaka 1968.

Mzunguko hauna umbo maalumu. Mtayarishaji anaweka mashine nyuma ya kichuguu, juu ya mwinuko au kando ya vichaka, ili sahani ziige ndege au sungura. Kuna hata sahani nene zinazobingirishwa ardhini.

Kinachofundishwa na kila mmoja

Mwanafunzi wa shotigani ana kazi mbili ngumu. Ya kwanza ni kuweka bunduki begani na shavuni mahali palepale kila mara. Jicho lako ndilo kilengeo cha nyuma cha shotigani: shavu likinyanyuka sentimita moja kutoka kwenye kitako, marisaa yanapita juu ya sahani. Ya pili ni kuitangulia sahani, yaani kufyatua mbele yake ili ikutane na marisaa njiani.

Trapu inakupa kazi ya kwanza na kuahirisha sehemu kubwa ya ile ya pili. Bunduki iko begani tayari kabla hujaita, una muda wa kutosha kuhakikisha shavu limelala. Ukisimama kituo cha tatu na mashine imefungwa katikati, sahani inakwenda mbele moja kwa moja, na hakuna la kutangulia kushoto wala kulia. Ukikosa, sababu ni chache na zinajulikana.

Skiti inakupa kazi ya pili siku ya kwanza. Fikiria kituo cha nne, katikati ya nusu duara. Sahani inakata kama mita 20 kwa sekunde, na marisaa yanahitaji karibu sehemu 6 za 100 za sekunde kuvuka mita 19. Katika muda huo sahani imesogea zaidi ya mita 1. Basi lazima ufyatue hewa tupu, mita nzima mbele ya kitu unachokitazama, huku bunduki ikiendelea kutembea. Akili ya mgeni inakataa. Anasimamisha bunduki ili "alenge vizuri", na marisaa yanapita nyuma ya sahani. Zaidi ya hapo, skiti ya kimataifa inadai bunduki ianzie chini kiunoni na sahani ije kwa kuchelewa hadi sekunde 3, na mwanafunzi ana mambo manne ya kukosea kwa wakati mmoja. Mwalimu akiwa mbali, hataambiwa ni lipi kati ya hayo manne.

Hiyo ndiyo hoja yetu kuu. Anayejifunza mahali pasipo na mwalimu wa kila wiki anahitaji mchezo unaomwonyesha kosa lake wenyewe, na trapu inafanya hivyo. Vipande vya sahani hukimbia upande ulio kinyume na kitovu cha marisaa: vikiruka juu, ulipiga chini, vikishuka ghafla, ulipiga juu, vikitupwa kulia, ulikuwa kushoto. Ikisagika ikawa moshi, ulikuwa katikati. Mwenzako akisimama nyuma ya bega lako na kutazama vipande badala ya kukutazama wewe, baada ya sahani kumi anakuwa na picha kamili ya tatizo.

Skiti ina ubora wake, tusiufiche. Umbali ni mfupi, kwa hiyo mtu mwenye bunduki nyepesi au mdomo wa mtutu ulio wazi, usiobana marisaa, anavunja sahani ambazo kwenye trapu zingemponyoka. Na anayejiandaa kuwinda ndege kwa kibali atafaidika: njiwa hukatiza kama sahani za skiti, ilhali kanga na kwale wakishtushwa huondoka wakikupa mgongo, mtindo wa trapu.

Uwanja: hapa ndipo uamuzi unapofanyika

Marisaa ya milimita 2 hadi 2.4 yakipigwa juu yanaweza kufika karibu mita 200. Weka eneo tupu la mita 300 mbele ya wapigaji, ili kuwe na ziada. Kwa trapu, eneo hilo ni la umbo la pembe, jembamba karibu na wapigaji na pana mbele. Kwa skiti ni nusu duara nzima ya mita 300, kwa kuwa kuna vituo vinavyotazama kushoto na vingine kulia. Ardhi inayohitajika ni kubwa zaidi, na njia za kufungwa ni nyingi zaidi.

Sharti ni kwamba eneo lote hilo lionekane kutoka pale unaposimama. Huu ndio mwisho wa mzunguko kwa sehemu kubwa ya Tabora. Miombo si pori tupu: kuna mrina asali juu ya mti, kuna wanaookota kuni na uyoga, kuna mchungaji na ng'ombe wake, na hakuna hata mmoja anayeonekana kwa mita 300 kati ya miti. Bendera nyekundu na walinzi wawili pembeni husaidia, lakini haviwezi kuchukua nafasi ya macho. Mzunguko ufanywe pale tu penye eneo lililofungwa na linalosimamiwa.

Mbuga ya mpunga baada ya mavuno inavutia, iko wazi na tambarare. Usiitumie. Raundi moja ya risasi za gramu 24 huacha gramu 600 za madini ya risasi ardhini. Watu kumi wakipiga raundi moja kila mmoja ni kilo 6, kwa siku moja. Madini hayo hayaozi, na mbuga ndiko maji yanakokusanyika na ng'ombe wanakokunywa. Kwa sababu hiyohiyo kaa mbali na bonde lolote linalomwaga maji bwawani, Igombe ikiwemo. Chagua ardhi ya juu, yenye kichanga, isiyolimwa chakula. Na ingawa tunaziita sahani za udongo, nyingi hutengenezwa kwa lami na unga wa mawe ya chokaa. Vipande vyake vinaweza kumuua nguruwe akivila. Viokotwe.

Kuhusu jua, vitabu vya nchi za kaskazini husema uwanja utazame kaskazini. Kwetu ni kinyume kwa msimu unaohusika. Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo kuanzia wiki ya pili ya Machi hadi wiki ya kwanza ya Oktoba jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini. Kiangazi ndicho msimu wa kupiga, kwa hiyo wapigaji watazame kusini na jua libaki nyuma yao. Uwanja unaotazama magharibi haufai jioni, unaotazama mashariki haufai asubuhi, mwaka mzima.

Mashine ya mkono ya springi inatosha kwa trapu ya mazoezi. Ikiwekwa ndani ya kibanda mbele, anayeipakia yuko mbele ya midomo ya bunduki, na anahitaji ukuta wa mifuko ya mchanga nyuma, pembeni na juu ya kichwa. Njia salama zaidi kwa kikundi kidogo ni kuipigilia ardhini pembeni mwa mpigaji, mrushaji akiwa nyuma ya mstari wa bunduki na akivuta kwa kamba. Sahani bado inakwenda mbele, na mafunzo hayapungui. Mkono wa mashine iliyokazwa huvunja mfupa: hakuna mtu anayepita upande wake wa mbele, na sahani huwekwa kutoka nyuma. Sahani zihifadhiwe kivulini. Zikiachwa juani mwezi wa tisa au wa kumi, lami hulainika, zinapinda na kuvunjikia kwenye mashine.

Skiti inataka mashine mbili, vibanda viwili na warushaji wawili. Kikundi cha watu watano kitatumia wawili kurusha, mmoja kuandika na kusimamia usalama, na kubaki na wapigaji wawili.

Bunduki na risasi

Mtu mwenye leseni ya bunduki moja hataki kununua nyingine kwa ajili ya mchezo. Habari njema ni kwamba trapu inavumilia. Bunduki ya trapu ya kweli ina mitutu miwili iliyopandana, urefu wa sentimita 76 hadi 81, uzito wa kilo 3.5 au zaidi, na hupiga juu kidogo ya unapolenga kwa sababu sahani inapanda. Lakini bunduki yoyote salama ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) itamfikisha mwanafunzi kwenye sahani kumi na tano kati ya 25.

Mtutu mmoja ni rahisi na mwepesi, na wepesi ndio ubaya wake. Kwa risasi ileile, bunduki ya kilo 3.6 hupiga teke kwa nishati pungufu kwa robo kuliko ya kilo 2.7. Baada ya risasi 30 bega limevimba na macho yameanza kufumba kabla ya mlio. Hapo mtu anajifunza woga. Inayojipakia yenyewe hupunguza teke kwa hisia, ila hutupa maganda kwa jirani na chemba yake, pale risasi inapokaa, haionekani kwa mbali kama iko tupu. Zinazofunguka katikati, iwe mitutu imepandana au imelala sambamba, zina faida moja inayozidi nyingine zote kwa kikundi cha wageni: ikiwa imefunguliwa, kila mtu uwanjani anaona kwamba haiwezi kulia.

Geji 20 kwa mtu mwenye mwili mdogo? Mara nyingi shida yake ni kitako kirefu, wala si geji. Kipimo cha haraka: kunja kiwiko nyuzi 90, weka kitako kwenye mkunjo wa kiwiko, kiungo cha kwanza cha kidole cha shahada kifikie kifyatulio. Kitako kikizidi, fundi hukipunguza, na geji 12 yenye risasi ya gramu 24 inakuwa tulivu. Geji 20 nyepesi yenye risasi ya gramu 24 inaweza kupiga teke zaidi. Na kamwe risasi za geji 12 na 20 zisikae kwenye begi moja. Ile ya 20 huteleza ndani ya mtutu wa 12 ikakwama mbele ya chemba. Mtu akidhani hakupakia, akaweka ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unapasuka mkononi. Ndiyo sababu ganda la geji 20 hutengenezwa la njano.

Shotigani za urithi, ambazo bado ziko kwenye nyumba nyingi, zikaguliwe na fundi mwenye kibali kabla ya sahani ya kwanza. Baadhi zina chemba ya milimita 65, na risasi ya leo ya milimita 70 itaingia vizuri tu, kisha ganda likifunguka linakosa nafasi na shinikizo linapanda. Gobore halina nafasi kwenye mchezo huu, kwa namna yoyote.

Risasi: geji 12, gramu 24 au 28, marisaa ya milimita 2 hadi 2.4. Kwa skiti chukua madogo ya milimita 2, kwa trapu milimita 2.3 au 2.4, maana umbali ni mkubwa na punje ndogo hupoteza nguvu. Usijaribu kutumia risasi za ulinzi au za wanyama wakubwa, zile za SG na SSG. Punje zake ni chache mno kugusa sahani, na huruka zaidi ya mita 500: uwanja wako wa mita 300 unageuka mtego. Kama risasi za marisaa madogo hazijapatikana, siku hiyo hakuna kupiga.

Mdomo wa mtutu una mbano unaokusanya marisaa. Kwa geji 12, mbano kamili ni karibu milimita 1, nusu ni karibu milimita 0.5. Mwanafunzi wa trapu aanze na nusu. Mbano kamili humpa duara dogo kuliko ustadi wake. Skiti hupigwa na mdomo ulio wazi kabisa au karibu.

Ukichagua trapu, mwendo wake

Jua kwanza jicho lako kuu. Nyoosha mikono, tengeneza tundu dogo kwa viganja, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili, kisha fumba la kushoto. Kitu kikibaki, jicho la kulia ndilo kuu. Jicho kuu likiwa la kushoto na wewe unatumia bega la kulia, utakosa sahani kwa mfululizo usioeleweka. Ama uhamie bega la kushoto, na mwanzoni ndiyo wakati wake, ama ubandike kipande kidogo cha karatasi ya gundi kwenye kioo cha kushoto cha miwani.

Miwani na vizuia masikio ni vya kila aliyepo, mrushaji na watazamaji wakiwemo.

Nyumbani, bunduki ikiwa imekaguliwa tupu mara mbili na risasi zikiwa chumba kingine, ipandishe shavuni mara ishirini kwa siku kwa juma zima. Bunduki ije shavuni kwanza ndipo iguse bega. Kichwa kisishuke kuifuata.

Siku ya kwanza usisimame mita 15. Simama mita 5 nyuma ya mashine, au ubavuni mwake kama imepigiliwa pembeni mwa mpigaji, nayo ifungwe irushe katikati tu. Mguu wa mbele ubebe uzito zaidi kidogo, goti lake lilegee. Elekeza mdomo wa mtutu juu kidogo ya pale sahani inapotokea, macho yatazame mbele zaidi, siyo kwenye shanga, kile kitone cha kulengea kwenye mdomo wa mtutu. Risasi moja tu kwenye bunduki, kila mara. Sahani ikionekana, ifuate kwa chini, ipite, fyatua, na usisimamishe bunduki. Anayesubiri sana "ili awe na uhakika" anaikuta sahani imeanza kushuka, na marisaa yanapita juu yake.

Risasi 25 zinatosha siku hiyo, na 50 ndiyo mwisho kwa bega jipya. Ukivunja saba kati ya kumi, rudi nyuma mita tano. Ukifika mita 15 na bado ni saba kati ya kumi, nenda kituo cha pili na cha nne, kisha cha kwanza na cha tano, mashine ikiwa bado imefungwa. Mwisho kabisa ndipo mrushaji abadilishe pembe bila kukuambia. Raundi tatu mfululizo za 15 au zaidi katika hali hiyo ni alama ya kuhamia skiti, na huko usianze kituo cha kwanza. Anza cha saba, sahani ya kibanda cha chini. Inatoka karibu nawe na kuondoka mbele yako karibu moja kwa moja, sawa na ya trapu. Kutoka hapo rudi cha sita, kisha cha tano, kila hatua pembe ikipanuka na ule umbali wa kuitangulia sahani ukiongezeka, hadi siku utakapofika cha nne.